Guari, zanthani au aljineti: ipi ishike metfomini ya kutolewa polepole?

Metfomini haidrokloraidi, dawa ya kisukari, ni mtihani mgumu kwa polima yoyote, yaani kiambato cha minyororo mirefu kinachoishikilia dawa ndani ya kidonge. Dozi yake ni kubwa, miligramu 500 au zaidi kwa kidonge, na mililita moja ya maji huyeyusha zaidi ya miligramu 300. Dozi nzima ya miligramu 500 inayeyuka kwenye maji yasiyofika nusu ya kijiko cha chai. Tena hufyonzwa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Ikichelewa mpaka utumbo mpana, kiasi kikubwa huishia chooni. Kwa hiyo anayeunda kidonge chake anabanwa pande zote mbili: kikiachia haraka mgonjwa anapata tumbo la kuendesha, kikikawia mno dawa inapotea bure.

Anayelinganisha gundi za mimea (guari), mwani (aljineti) na bakteria (zanthani) hana budi kuwa na kipimo cha kulinganishia. Kwa metfomini kipimo hicho ni Glucophage XR, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, ambayo inategemea haipromelosi na kaboksimethili selulosi, yaani selulosi iliyobadilishwa kikemia. Polima hizo zinatabirika. Anayezihama kwenda kwenye gundi asilia apate sababu ya kweli, kwa mfano bei, upatikanaji au haja ya kidonge kinachofanya kitu ambacho haipromelosi haifanyi. Neno "asilia" kwenye lebo si sababu tosha, na kilo ya gundi iliyo rahisi sokoni hupanda bei ukishahesabu vipimo vya vijidudu na makundi ya uzalishaji yaliyokataliwa.

Jibu kwa asiye na muda: kwa metfomini chukua zanthani. Kwa dawa ya dozi ndogo isiyoyeyuka kirahisi, guari inatosha na ni nafuu. Aljineti ikiwa peke yake haifai kwa metfomini, ingawa ina kazi zake.

Kidonge kinapolowa

Kidonge cha matriksi hakina ganda la siri. Unga wa dawa na unga wa polima vimechanganywa vikagandamizwa pamoja. Kikiingia majini, chembe za polima zilizo juu hunywa maji, huvimba na kushikana kuwa utando wa rojo unaoziba vinyweleo. Tangu hapo dawa ina njia mbili za kutoka: kupenya kwenye rojo, au kungoja rojo lenyewe limomonyoke. Dawa inayoyeyuka sana hupitia zaidi njia ya kwanza, isiyoyeyuka hungoja ya pili.

Balaa liko kwenye dakika chache kabla utando haujafunga. Dawa iliyo juu ya kidonge huoshwa mara moja, na kama maji yatawahi kupenya ndani kabla ya rojo kuziba, kidonge hupasuka na dozi yote humwagika. Hapa ukubwa wa chembe za gundi una uzito kuliko asilimia yake. Gundi ya mikroni 200 na zaidi huchelewa kuziba. Inayopita chekeche ya mikroni 150, na bora zaidi ya 75, huziba upesi. Watu wengi wakiona dawa inatoka haraka hukimbilia kuongeza polima, kumbe walipaswa kuanza na chekeche.

Guari

Gundi hii hutoka kwenye mbegu za guari, mmea wa jamii ya kunde unaolimwa zaidi Rajasthan, India. Ni galaktomanani: mnyororo wa sukari ya manosi wenye matawi ya galaktosi, kwa uwiano wa karibu mbili kwa moja. Haina chaji, kwa hiyo asidi ya tumbo na chumvi za utumbo haziisumbui sana. Mchanganyiko wa asilimia 1 wa daraja zuri hufika mnato wa sentipoizi 3000 hadi 6000. Ukisoma cheti chake tu utadhani kazi imeisha.

Tatizo la kwanza ni kwamba rojo la guari ni legevu kwa dawa ndogo iyeyukayo sana. Ili kuibana metfomini unalazimika kupanda hadi asilimia 40 au 50. Piga hesabu: metfomini miligramu 500, viambato vingine 60, na guari ya asilimia 40 ni miligramu 373, jumla 933. Kwa asilimia 50 unafika 1120. Huo si mzigo wa kumpa mzee ameze kila jioni.

La pili ni zito zaidi. Bakteria wa utumbo mpana hula guari. Ndiyo maana imefanyiwa utafiti mwingi kama kibebeo cha kupeleka dawa huko huko. Kwa dawa ya kutibu utumbo mpana hiyo ni sifa. Kwa metfomini ni kasoro, kwa sababu kinachobaki ndani ya kidonge kitafunguliwa mahali ambapo hakifyonzwi vizuri.

Guari pia ina historia sokoni ambayo mnunuzi anapaswa kuikumbuka. Mwaka 2007 Ulaya iligundua shehena zilizochafuliwa na pentaklorofenoli na dioksini, hivyo cheti cha pentaklorofenoli si anasa. Mwaka 2012 bei iliruka vibaya kwa sababu wachimbaji wa mafuta na gesi Marekani waliitaka kwa ajili ya kupasulia miamba, na waliokuwa na fomula isiyo na mbadala waliumia. Na mwaka 1990, hukohuko Marekani, vidonge vya guari vya kupunguzia uzito viliondolewa sokoni baada ya kuvimba na kuziba koo za watumiaji. Kidonge chochote cha guari kiandikwe wazi kwamba kinamezwa kwa glasi nzima ya maji, na mgonjwa akiwa ameketi au amesimama.

Ipe guari dawa ya maumivu, diklofenaki ya miligramu 100, uone tofauti. Diklofenaki karibu haiyeyuki kabisa kwenye asidi, kwa hiyo saa mbili za tumboni guari inapata muda wa kuvimba kwa raha zake. Asilimia 30 hadi 40 inatosha, na kidonge hakizidi miligramu 300.

Zanthani

Zanthani haivunwi shambani. Hutengenezwa na bakteria *Xanthomonas campestris* wanaolishwa sukari kwenye matangi, ikaruhusiwa kwenye vyakula Marekani mwaka 1969. Kwa kuwa hutoka kiwandani, kundi hadi kundi hutofautiana kidogo kuliko gundi inayotegemea mvua na udongo. Kwa mfamasia anayetakiwa kurudia matokeo yaleyale mwaka hadi mwaka, hilo peke yake ni hoja nzito.

Sasa angalia mtego. Mnato wa zanthani ya asilimia 1, ukipimwa pamoja na kloraidi ya potasiamu ya asilimia 1, ni kati ya sentipoizi 1200 na 1600. Namba hiyo ni ndogo kuliko ya guari, lakini zanthani ndiyo inayoshika dawa vizuri zaidi. Minyororo yake ni migumu, imejisokota, na ikitulia hufunga mtandao imara. Inalainika tu inaposukumwa au kukorogwa. Kipimo cha maabara huzungusha mchanganyiko na kuulainisha, wakati rojo lililo juu ya kidonge halizungushwi kwa nguvu hiyo. Anayechagua polima kwa kusoma namba ya mnato kwenye cheti anaweza kuchagua kinyume.

Sababu nyingine ni chaji. Zanthani ina chaji hasi, na metfomini kwenye pH ya mwilini hubeba chaji chanya, kwa hiyo zinashikana. Mshiko huo una kikomo, kwani chumvi iliyopo kwenye kimiminika inauvunja. Uvimbaji wa zanthani nao hupungua kadiri chumvi inavyozidi. Kipimo kilichofanywa kwenye maji matupu hakina maana. Pima kwenye asidi ya haidrokloriki ya 0.1 N, kisha kwenye bafa (kimiminika kinachodumisha pH) ya fosfeti ya pH 6.8, na urudie kwenye bafa yenye chumvi zaidi na yenye chumvi pungufu. Mikunjo ya grafu ya utoaji wa dawa ikitofautiana sana, kidonge chako kitafanya kazi moja kwa aliyekula na nyingine kwa mwenye njaa. Metfomini ya aina hii huelekezwa kumezwa na mlo wa jioni. Kwa Glucophage XR, chakula huongeza kiasi kinachofyonzwa kwa karibu asilimia 50, kwani tumbo lililoshiba hukawia kukisukuma kidonge mbele.

Zanthani ikichanganywa na gundi ya mbegu za kharubu hutoa rojo gumu kuliko kila moja ikiwa peke yake. Mfumo wa TIMERx wa kutoa dawa polepole ulijengwa juu ya ndoa hiyo. Ukiona zanthani peke yake inamomonyoka mapema, badilisha nusu yake kwa kharubu kabla hujapandisha jumla.

Udhaifu wake: hunyonya unyevu wa hewa, unga wake hautiririki vizuri kwenye mashine, na bei yake kwa kilo mara nyingi ni juu ya guari. Kwa sababu unatumia nusu ya kiasi, bei kwa kidonge ndiyo ya kuangalia.

Aljineti

Aljineti ya sodiamu hutoka kwenye mwani wa kahawia. Huvimba vizuri kwenye pH ya utumbo. Tatizo lake ni tumbo. Kwenye pH ya chini ya 3 hugeuka asidi ya aljiniki, isiyoyeyuka na isiyofanya rojo la kuziba. Uso wa kidonge unakuwa mkavu, unachanika matabaka, na metfomini inapita kwenye nyufa kama maji kwenye chungu kilichopasuka. Kikifika kwenye utumbo, aljineti iliyobaki inayeyuka na kidonge kinaisha. Maana yake kimevuja mahali pasipotakiwa na kuisha mapema mahali pa kukaa.

Wengi hukimbilia njia ya shanga: aljineti ya asilimia 2 iliyochanganywa na dawa, idondoshwe kwa sindano ya geji 21 ndani ya kloraidi ya kalsiamu ya asilimia 2, ikae dakika 15 hadi 30, ioshwe, ikaushwe. Shanga hutoka nzuri, za duara, za kupigwa picha. Lakini metfomini inayeyuka ndani ya bafu lilelile la kalsiamu na sehemu kubwa inabaki humo. Mwanafunzi akipima dawa iliyomo kwenye shanga peke yake, bila kupima iliyobaki kwenye bafu, hatajua ilikwenda wapi. Na fosfeti ya bafa ya pH 6.8 hunyang'anya kalsiamu, shanga zikavimba na kusambaratika ndani ya muda mfupi. Kwa dawa isiyoyeyuka majini njia hii ina maana. Kwa metfomini ni mazoezi ya maabara.

Pale aljineti inapofaa ni ikiwa mshirika: zanthani miligramu 150 na aljineti 50, ili zanthani ilinde tumboni na aljineti iharakishe mwisho wa safari. Usiweke fosfeti ya kalsiamu kama kijazio kwenye fomula hiyo bila kukusudia, kwa maana kalsiamu itaifunga aljineti na mkunjo utabadilika.

Mwani wa Zanzibar na gundi za jirani

Swali huja kila mara: kwa nini tusitumie mwani wa Paje na Jambiani? Mwani unaolimwa huko ni mwekundu na hautoi aljineti, unatoa karajinani. Spinosamu hutoa aina ya ayota, ambayo hugandishwa na kalsiamu. Kotonii hutoa aina ya kapa, inayogandishwa na potasiamu. Kotonii hufa maji yakipata joto, ndiyo maana wakulima wengi wamebaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Karajinani hugandamizika vizuri kuliko gundi nyingi na ina chaji hasi ya kuishika metfomini, lakini mwani mkavu uliofungwa kwenye magunia bado si kiambato cha dawa. Kati ya gunia na kidonge kuna uchimbuaji, uchujaji, vipimo vya metali nzito na vijidudu, na daftari la kila kundi.

Gundi arabu ya Kordofan au Turkana inatajwa pia, na hapa kosa ni la wazi. Mchanganyiko wake wa asilimia 30 una mnato wa takriban sentipoizi 100 tu. Hiyo ni gundi ya kuunganisha chembe, haiwezi kujenga utando wa kuzuia dawa. Utomvu wa mkorosho, ambao mnato wake nao ni mdogo, uweke kundi hilohilo. Kitosani, kutoka maganda ya kamba, ina tabia iliyogeuka: huvimba kwenye asidi na kukataa kuyeyuka juu ya pH 6.5 hivi. Ina chaji chanya sawa na metfomini, kwa hiyo mshiko wa chaji haupo, na mwenye mzio wa kamba lazima aonywe.

Fomula ya kuanzia

Kwa kidonge kimoja, kwa miligramu: metfomini haidrokloraidi 500, zanthani 200, selulosi ya fuwele ndogo 80, povidoni K30 25, silika laini 5, magnesiamu stearati 8. Jumla 818, zanthani ni asilimia 24 na kitu. Kwa vidonge 1000 soma hizo miligramu kama gramu.

Usilowanishe zanthani. Gundi ikiguswa na maji hutoa mabonge yenye ngozi nje na unga mkavu ndani, na hakuna chekeche itakayoyaokoa. Chukua metfomini peke yake, yeyusha povidoni kwenye mililita 60 hadi 75 za maji, nyunyiza taratibu huku ukikanda, kwa sababu metfomini inayeyuka upesi na mililita tano za ziada zinaweza kuigeuza uji. Kausha kwa nyuzi 55 hadi 60 hadi unyevu ubaki asilimia 1.5 hadi 2, pitisha kwenye chekeche ya milimita 1. Kisha changanya na zanthani, selulosi na silika kwa dakika 10, weka magnesiamu stearati, changanya dakika 3 tu. Gandamiza kwa vifaa vya kugandamizia vyenye umbo refu, vya takriban milimita 19 kwa 9, ugumu wa nyutoni 120 hadi 180.

Vidonge vikivuka kofia, yaani juu kubanduka, chembe zimekauka kupita kiasi au mashine inakimbia. Metfomini yenyewe haishikani vizuri. Punguza kasi, rudisha unyevu, ongeza povidoni miligramu 5. Vikishika kwenye vifaa, chembe zina maji mengi au hewa ya chumba imezidi unyevu wa asilimia 50. Vikitofautiana uzito, unga hautiririki. Kosa ni la zanthani iliyosagwa laini mno bila silika ya kutosha. Na usibadilishe selulosi kwa laktosi ukidhani ni kijazio tu. Laktosi huyeyuka, huacha mashimo, na dawa huharakisha. Kuchanganya magnesiamu stearati dakika 15 nako kunavipaka mafuta chembe zote, gundi ikachelewa kulowa.

Kupima

Tumia mashine ya kuyeyushia vidonge yenye kasia, kwa mizunguko 100 kwa dakika, kimiminika mililita 900, joto la nyuzi 37, usome metfomini kwenye urujuanimno wa nanomita 233. Mashine ya kikapu ina taabu: rojo huziba matundu yake na utapata mkunjo mzuri wa uongo. Kidonge cha zanthani hupenda kunata chini ya chombo, basi kiweke ndani ya kizamisho cha waya, na usibadilishe umbo la waya huo katikati ya utafiti. Chukua sampuli saa 1, 2, 4, 6, 8, 10 na 12.

Vipimo vitatu vya muda ndivyo vitakavyowekwa kwenye masharti: wa mapema, ambapo dawa iliyotoka iwe asilimia 20 hadi 30, kuthibitisha kwamba dozi haikumwagika, wa katikati, karibu na asilimia 50, na wa mwisho, zaidi ya 80. Ukilinganisha na bidhaa ya rejea tumia vidonge 12 kila upande. Kipimo cha ufanano f2 kikiwa 50 au zaidi mikunjo inahesabiwa kuwa inafanana, mradi usiingize zaidi ya nukta moja iliyovuka asilimia 85. Anayetaka kujua jinsi dawa inavyotoka atumie mlinganyo wa Korsmeyer na Peppas kwenye asilimia 60 za mwanzo tu: kwa kidonge cha umbo la silinda, kipeo cha 0.45 kinaonyesha kupenya, 0.89 kinaonyesha rojo kulegea na kumomonyoka. Zanthani iliyofanya kazi vizuri hukaa katikati.

Fanya pia kipimo cha pombe kwa saa mbili kwenye asidi yenye ethanoli asilimia 0, 5, 10, 20 na 40. Zanthani haiyeyuki kwenye ethanoli na uvimbaji wake hupungua, kwa hiyo usibahatishe. Mwaka 2005 dawa ya maumivu Palladone iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu pombe iliifanya imwage dozi yake, na mgonjwa anayepitia baa kabla ya kumeza dawa ya jioni yupo kila mji.

Kwa metfomini kuna suala la NDMA, uchafu wa kikemia unaoshukiwa kusababisha saratani. Mwaka 2020 baadhi ya matoleo ya kutolewa polepole yaliondolewa sokoni Marekani kwa kuzidi kikomo cha nanogramu 96 kwa siku. Uchafu huu unaweza kuundwa pale mabaki ya dimethilamini kwenye metfomini yanapokutana na nitriti, na nitriti huja na viambato. Mwombe muuza gundi kiasi cha nitriti kwa maandishi. Asiyekuwa nacho, tafuta mwingine.

Vijidudu: kwa gramu ya gundi bakteria wasizidi 1000 na ukungu usizidi 100, *E. coli* isiwepo kwenye gramu 1, salmonela isiwepo kwenye gramu 10. Guari ndiyo huanguka mara nyingi hapa. Usiwaue kwa mionzi ya gama ukidhani umemaliza, maana mionzi hukata minyororo ya gundi hizi zote na mnato hushuka. Pima upya mnato na utoaji wa dawa baada ya mionzi, siyo kabla.

Weka vidonge kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, ndani ya kifungashio chenyewe cha kuuzia. Ukiona dawa inatoka haraka zaidi mwezi wa tatu kuliko mwanzo, minyororo imekatika kwa joto na unyevu, na aljineti ndiyo ya kushuku kwanza ikiwa imo. Ukiona inatoka polepole zaidi huku vidonge vimeongezeka uzito na kuwa laini, kifungashio ndicho kinachovuja: hamia kutoka PVC ya kawaida kwenda aluminiamu pande zote mbili kabla hujaigusa fomula.